Hotuba za Mheshimiwa wa Irlandi katika Baraza la Bunia

Chongeni penseli mbili, si moja. Mkinisikiliza hapo tu na kwenda zenu, mtakuwa mmekwisha kupata nusu ya ujuzi wangu. Penseli ya kwanza huvunjika pale pale mkubwa anapotaja jambo la maana, sijui kwa nini, na mwenye moja tu hubaki akimtazama mdomoni.

Nawaandikia ninyi vijana wa ofisini, hasa wale wasichana wawili wa ofisi ya mtaa wetu waliokuja nyumbani kuniuliza kama ni kweli zamani watu waliandika kikao kizima kwa mkono. Walikuja na simu. Wakaiweka mezani wakaniambia niseme tu, yenyewe inarekodi. Nilisema saa nzima, na nilisema vizuri. Mwishoni tukakuta simu ilizimika mapema kwa kukosa umeme, na wao hawakuwa na hata kipande cha karatasi. Sikucheka. Basi, nilicheka, lakini kwanza niligeukia ukutani.

Kwa hiyo naandika mwenyewe yale waliyoyapoteza, na zaidi ya yote naandika habari za siku ile ya vita ambapo mbunge mmoja wa Ulaya, aliyekufa zamani hata babu yangu hajazaliwa, aliwasaidia watu waliokuwa wamejaa katika madarasa saba ya shule hapa Bunia. Msinicheke. Nilikuwepo.

Mjini waliniita Madame PV. PV ni maandishi ya kikao: nani alisema nini, nani alikataa, saa ngapi walifunga. Niliandika PV za baraza la mji miaka mingi, na ndani ya miaka hiyo ikaingia vita, na ndani ya vita wakubwa wa mji wakawa wanabadilika upesi kuliko mapazia ya ofisi. Risasi zinalia siku mbili tatu, tunalala chini ya vitanda, halafu asubuhi moja kijana mwenye bunduki anagonga mlango: "Madame PV, mukubwa mupya anasema baraza iendelee." Wote walilipenda baraza. Mtu aliyeshika mji kwa bunduki anapenda sana karatasi yenye muhuri. Mimi waliniacha kazini kwa sababu natoka Mahagi, na katika ugomvi ule wa makabila mawili mtu wa Mahagi alihesabiwa kuwa yuko pembeni. Pembeni ni mahali pazuri pa kuandikia, ingawa risasi nazo hufika huko.

Nirudi nyuma. Kuandika kwa kasi nilifundishwa na Sista Brigida, mtawa kutoka Irlandi, kisiwa kile jirani na Uingereza. Alikuwa mfupi, mwekundu usoni, na Kiswahili chake alikijifunza sokoni, kwa hiyo hata akisali alionekana anapatana bei. Ndiye aliyetufundisha steno, yaani ule mwandiko wa mikwaruzo unaokimbia sawa na mdomo wa msemaji. Wasichana wa shule nyingine walifanyia mazoezi barua za biashara. Sisi tulisomewa hotuba za bungeni London, za mbunge mmoja wa Irlandi wa karne ya kumi na tisa, ambazo Sista alizitafsiri kwa Kifaransa papo hapo kutoka kitabu kinene kilicholiwa na mende. Jina lake hakulitaja. Alimwita "Mheshimiwa wangu", na sisi wasichana tukawa na mashaka yetu mpaka tulipopiga hesabu ya miaka.

Nchi ya Sista siku hizo ilitawaliwa kutoka London. Wabunge wa Irlandi walikuwa wachache katikati ya Waingereza wengi, na kila kura walishindwa. Mheshimiwa akagundua jambo moja. Sheria za bunge zilimruhusu mbunge kusema mpaka amalize, lakini hazikuandika popote ni lini lazima amalize. Akaanza kusema. Sauti yake haikuwa nzuri na hakuwa na maneno ya kupendeza, ila hakuchoka. Alisoma ripoti za serikali ukurasa baada ya ukurasa. Aliomba kikao kiahirishwe, wakimkatalia anaomba tena kwa sababu nyingine. Siku moja, Sista alitusimulia, mwenyekiti wa bunge alimwambia kwamba sauti yake haifiki. Mheshimiwa akaomba radhi, akakusanya makaratasi yake, akasogea mbele, akaanza tena mwanzo.

Hapo Sista alikuwa anacheka hadi miwani inaanguka. Mimi sikucheka hata kidogo, maana yeye akianza tena mwanzo, na mimi mkono wangu ulianza tena mwanzo. Nilimchukia Mheshimiwa kwa mwaka mzima. Lakini kidole changu cha kati kiliota sugu kwa ajili yake, na sugu hiyo bado ninayo, anayetaka kuigusa aje.

Kosa langu la kwanza kazini lilitokana na hotuba zile. Nilikuwa nimezoea kuandika kila kitu, kwa hiyo katika kikao changu cha kwanza cha baraza niliandika kila kitu. Kikao cha pili nikasimama kusoma PV. Nikasoma kwamba mwenyekiti alikohoa. Nikasoma kwamba mjumbe wa upande wa soko aliamka aliposikia chai inaletwa. Nikasoma, kwa sauti nzuri kabisa, kwamba mjumbe mmoja alimnong'oneza mwenzake kuwa mwenyekiti anasema kama mtu anayetafuta jino lake. Kikao kilivunjika. Mwenyekiti alimfukuza mjumbe, mjumbe alitaka nifukuzwe mimi, na mjumbe wa soko aliapa hakulala, alikuwa anasali.

Aliyeniokoa ni Papa Anselme, sekretere mkuu, mzee mwembamba aliyevaa tai hata Jumapili mchana. Aliniita pembeni.

"Weye mutoto, sikia. PV ni nguo ya kuendea misa. Ile yote ulisoma leo ni nguo ya ndani. Iko, kila mutu anajua iko, lakini hatuianiki mbele ya batu."

"Papa, lakini walisema kweli."

"Walisema. Weye andika yote mu kaye yako, halafu mu PV weka tu ile inafaa. Na kaye usitupe. Karatasi ya ofisi haichomwi, mama. Hata ya bure. Siku moja utaitafuta."

Nilishika maneno yake. Kaye, yaani madaftari yangu ya steno, nilizipanga katika sanduku la bati lililokuwa la maziwa ya unga, mwaka baada ya mwaka, na kila mkubwa mpya alipokuja na vijana wake kupekua ofisi, walifungua sanduku, wakaona mikwaruzo, wakalifunga. Mmoja aliniuliza kama ni Kiarabu. Nikamwambia ni maombi ya watawa. Ilikuwa karibu na kweli.

Sasa niwape mambo mawili matatu ya ufundi kabla sijasahau, kwa maana nikifika kwenye siku yenyewe sitarudi. Kaa upande ambao mwanga unatoka nyuma yako. Usikae karibu na mlango, utageuzwa kuwa mfungua mlango. Mtazame msemaji miguuni: anayekaribia kumaliza huanza kutafuta kiti kwa kisigino, na asiyetafuta kiti bado ana safari. Na jueni kupenda yale maneno matatu ya Kifaransa ambayo kila msemaji wa kwetu huanza nayo, "tout protocole observé". Maana yake ni kwamba salamu zote za vyeo tuzihesabu zimetolewa, tuendelee. Bila maneno hayo, kila anayesimama ingempasa kumsalimu mwenyekiti kwa cheo chake, naibu wake, wakuu wa mitaa, wakuu wa dini, wakuu wa usalama, wajumbe, wageni, mabibi na mabwana. Maneno matatu yameokoa maisha ya masekretere wengi. Yawekeni akilini, yatarudi.

Mama Ngave alikuja ofisini mwaka ule mapigano yalipokaza huko Djugu, wilaya ya jirani. Alitembea na wajukuu wanne mpaka Bunia, akapewa pembe ya darasa la tatu katika shule ya msingi iliyo nyuma ya ukumbi wetu. Madarasa saba, yote yamejaa watu waliokimbia kama yeye, familia na familia zimetenganishwa na vitenge vilivyotundikwa kwenye kamba. Mwenyekiti wetu, Mzee Bahati, alimpa kazi ya kufagia ukumbi. Alifagia kwa hasira. Ukiangusha maganda ya penseli anasimama juu yako mpaka uyaokote. Nyumba yake kijijini ilichomwa na mumewe alikufa ndani ya shamba la maharage. Alinieleza mara moja, akiwa anakamua kitambaa, na hakurudia. Nilimpenda. Nilimwogopa pia kidogo.

Mkubwa wa wakati huo tulimwita Komanda, na inatosha. Kijana mtanashati, mafuta kichwani, aliyesoma kidogo na kukipenda sana hicho kidogo. Asubuhi ya siku ninayowaambia alituma karatasi nichape nakala nne. Nilikuwa katikati ya mstari wa tatu nilipoelewa ninachochapa. Baraza linaamua kwamba usalama umerudi Djugu, na kwamba watu wa madarasa saba warudishwe kwao leo hii. Camions, yaani malori, zilikuwa zimesimama nje, injini zinanguruma. Kesho yake wageni kutoka mbali walikuwa wanafika kuona hali ya mji, na Komanda alitaka wakute shule tupu na karatasi yenye saini zetu.

Kule usalama haukuwepo. Moshi tuliuona wenyewe kutoka kilimani. Kumpakia Mama Ngave na wajukuu wake katika gari lile ilikuwa kuwapeleka kufa, nasema wazi. Nami nilichapa nakala zote nne. Nilichapa kwa sababu mlangoni alisimama askari, na nina aibu ya jambo hilo hadi leo.

Mzee Bahati aliingia, akazisoma, akavua kofia.

"Madame, siye tutafanya nini? Mwenye atasema hapana, leo jioni hatakuwa hai."

"Hakuna mwenye anaweza kusema hapana, Muzee."

"Basi imeisha."

Halafu, sijui ilitoka wapi, nikasikia kichwani mwangu miwani ya Sista Brigida ikianguka sakafuni.

"Muzee," nikasema, "kusema hapana walitukataza. Kusema mingi, nani alitukataza?"

Sheria zetu za ndani nilizijua kwa kichwa, nilizichapa mwenyewe. Kwanza, hakuna jambo jipya kabla PV ya kikao kilichopita haijasomwa na kukubaliwa. Pili, hakuna kura baada ya saa kumi na moja jioni, ili wajumbe wafike makwao kabla ya saa kumi na mbili, ambapo watu walikatazwa kutembea. Jambo lisilopigiwa kura linangoja wiki ijayo. Na sheria hiyo ya pili aliitia saini Komanda mwenyewe, kwa kalamu ya wino, mkia wa saini unafika ukingoni.

Mzee Bahati alinirudishia zile nakala. Akavaa kofia.

"Usome polepole," akasema. "Macho yako iko na shida leo."

Tulifungua kikao saa nne asubuhi. Komanda alikaa mbele, bastola mezani karibu na glasi ya maji. Niliinuka na kaye, si PV. Sikusema yale maneno matatu ya Kifaransa. Nilisalimu. Nilimsalimu mwenyekiti kwa cheo chake chote, naibu wake, Komanda kwa vyeo vyake, na alivyokuwa navyo ni vingi kwa sababu alijipa mwenyewe, wakuu wa mitaa mmoja mmoja kwa mtaa wake, mapadri, wachungaji, imamu, wajumbe kwa majina. Wajumbe walianza kutazamana. Kisha nikaanza kusoma kikao kilichopita, chote, kama kilivyotoka mdomoni. Vikohozi vyote. Chai. Swali la nani alichukua kiti cha naibu. Mjadala wa dakika arobaini kuhusu mbuzi wa mchungaji aliyekula tangazo la baraza.

Mjumbe mmoja, mwalimu, aliinua mkono. "Madame, hapa sikusema vile. Nilisema vizuri zaidi."

Mzee Bahati, akiwa na uso wa mtu aliye kanisani, akamwomba aeleze jinsi alivyosema. Mwalimu akaeleza. Alisahau kabisa kilichotuleta. Mjumbe wa soko naye akataka iandikwe kwamba mbuzi hakula tangazo lote, alibakiza muhuri. Wakajibizana. Hapo ndipo nilipowapenda wajumbe wangu wote na majivuno yao. Sikuwa nimewaambia kitu, na walifanya kazi kuliko kama ningewaambia. Nadhani kufikia mchana wawili watatu walikuwa wameelewa, maana mjumbe mmoja ambaye kwa miaka sita hakusema neno aliinuka akaomba kueleza maoni yake kuhusu salamu.

Kila aliyeinuka alisalimu vyeo vyote. Kila mmoja.

Saa nane Komanda alipiga meza. Glasi ikaruka, na moyo wangu pia.

"Madame! Sauti yako iko chini. Mi siko nasikia kitu hapa mbele. Unasoma nini?"

Nawaambia ukweli, nilitaka kukaa chini na kulia. Lakini mkono wangu ulikwisha kufundishwa, na miguu ikaufuata. Nikaomba radhi sana. Nikakusanya kaye zangu, nikasogeza kiti hadi karibu na meza yake, nikafungua ukurasa wa kwanza.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikaanza.

Nyuma yangu mtu alikohoa kuficha kicheko. Sijawahi kujua ni nani, na huyo nilimwandika pia: kikohozi kimoja, kirefu.

Komanda angeweza kunikatiza hapo. Nilimwona akifungua mdomo. Ila nilikuwa na karata moja ya mwisho, na niliruka mbuzi na chai zote ili niifikie upesi. Katika kikao kile kilichopita yeye mwenyewe alihutubu. Hotuba ya kuwashukuru wananchi, ndefu, isiyo na mwanzo. Kwa kawaida katika PV ningeandika mstari mmoja: Komanda aliwashukuru wananchi. Sasa nikamsomea yote, neno kwa neno, kwa sauti ya heshima.

Akafunga mdomo. Akainamisha kichwa kidogo, akasikiliza. Nadhani hakuna mtu aliyewahi kumwandika.

"Hii yote ni mimi nilisema?"

"Yote, Komanda."

"Uliandika yote?"

"Kila neno."

Alisogeza bastola pembeni ili aweke viwiko mezani. "Rudia pale pa amani." Nikarudia pale pa amani. Akasema pale alikusudia neno kubwa zaidi la Kifaransa. Mwalimu akaitwa kutoa ushauri. Mwalimu akatoa ushauri wenye mifano. Komanda akabadili sentensi, akaisikiliza, akairudisha ilivyokuwa. Aliomba tuongeze salamu mwanzoni, kwa kuwa siku ile alisema "tout protocole observé" na sasa aliona kwamba hotuba ya mtu mkubwa haifai kukatwa hivyo. Tukaongeza salamu. Jua lilihama kutoka dirisha la kushoto hadi la kulia, na yule kijana mtanashati, aliyekuja kuwapeleka watu kufa, alikaa ananyoosha Kifaransa chake kwa upole wa mwanafunzi mwema. Nilimchukia na nilimhurumia katika pumzi moja. Sijui kuwaeleza zaidi ya hapo.

Alipoinua macho, nje palikuwa kimya. Wenye camions walikuwa raia wa kawaida. Walitazama saa, wakawaza vizuizi vya barabarani baada ya saa kumi na mbili na vijana wa Komanda waliovisimamia, wakaondoka zao.

"Sasa tupige kura," akasema.

Mzee Bahati akatoa saa yake mfukoni kwa masikitiko makubwa. "Komanda, ni saa kumi na moja na nusu."

"Na kisha?"

Hapo Komanda akanigeukia mimi, na mimi nikanyanyua penseli ya pili, ya kwanza ilikwisha kuvunjika. "Tunaweza, Komanda. Lakini saa lazima niandike. Wageni watasoma ya kuwa batu ya baraza walipiga kura wakati weye mwenyewe ulikataza. Watauliza."

Alinitazama. Alitazama kaye. Alitazama meza yenye hotuba yake niliyokuwa nimeinakili upya, kurasa tisa, safi, na nikaona uso wake ukielewa polepole, kutoka kwenye nyusi kushuka. Aliinuka, akachukua bastola.

"Madame," akasema, "unichapie ile hotuba. Nakala kumi."

Akatoka.

Kesho yake wageni walikuta madarasa saba yamejaa watu, watoto wamekaa madirishani. Komanda alisimama mbele yao akasema kwamba watu hawa yeye mwenyewe ndiye anayewalinda, akawapa wageni nakala za hotuba. Baada ya kujisifu hivyo, hakuweza tena kuwafukuza. Niliandika yote, vikohozi niliviacha. Komanda hakukaa, mkubwa mwingine alikuja, na mwingine, na vita havikwisha kwa sababu yangu wala kwa sababu ya Mheshimiwa. Nilichoka mwili mzima kwa siku tatu. Lakini Mama Ngave alirudi kwao Djugu miaka baadaye, siku aliyoichagua mwenyewe, na maharage yake ya kwanza aliniletea kwenye kofia ya mjukuu.

Nimeiruka jioni yenyewe, na ndiyo nilitaka niwaachie.

Wajumbe walikimbia kila mtu na njia yake. Mimi nilikaa mtaa wa Mudzi-Pela, mbali, na zilibaki dakika chache kabla ya saa ya kukatazwa. Nilikuwa nimewapigania watu wote wafike jioni ile, nikasahau kwamba nami nina nyumba. Nikasimama katikati ya ukumbi na mkoba wangu, nakala nne zisizo na saini ndani yake. Mama Ngave aliingia na ufagio. Hakuna aliyekuwa amemwambia lolote. Camions alidhani zimeleta unga na zimerudi.

"Madame, leo mulisema mingi sana!" akasema. "Tangu asubui nangoja kufagia. Ona vumbi. Ona ile ganda ya karanga. Batu wakubwa, hamuna hata haya ya kumaliza?"

"Unisamehe, mama."

"Na sasa utafika kwako namna gani?"

"Sitafika."

Alinitazama kwa hasira yake yote, akauegemeza ufagio ukutani. "Basi kuya. Darasa ya tatu iko na nafasi."

Nililala kwenye mkeka wake, wajukuu wawili huku na wawili huku, na usingizi ulinichukua mara moja. Asubuhi alikuwa amepanga mafiga matatu nje ya mlango wa darasa na anapekua huku na huku akitafuta cha kuwashia. Kuni zilikuwa mbichi. Nikafungua mkoba nikampa zile karatasi nne.

Akazigeuza, hakujua kusoma. "Hii ni ya ofisi. Iko na kazi?"

Nikamkumbuka Papa Anselme na tai yake. Katika miaka yangu yote ya kazi niliasi neno lake mara moja tu, na ilikuwa asubuhi hiyo.

"Iko na kazi," nikamwambia. "Iko ya chai."